Maswali na majibu: Nataka kuishi kwa kuandika chakula, vinywaji na safari

SWALI

Yaya, jambo. Ninafundisha sekondari hapa Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, na jioni naandika kuhusu chakula. Nataka iwe kazi ya kunilisha: chakula, vinywaji na safari, bila kuajiriwa na gazeti moja. Niliwatumia wahariri wa nje wazo langu, "Vyakula vya Lubumbashi". Mmoja tu ndiye aliyenijibu: "Hii ni mada, si makala." Sikumwelewa. Wenzangu nao wananiambia mwandishi wa vinywaji lazima ajue mvinyo, na huku kwetu zabibu hazilimwi. Juzi hoteli moja imenialika nile bure ili niiandike vizuri. Nikubali? Na nikipata mhariri, malipo nayazungumzaje? Aksanti.

Mwalimu, Katuba

JIBU

Jambo sana, mdogo wangu. Tuanze na huyo mhariri, kwa sababu amekusaidia kuliko wote walionyamaza. "Vyakula vya Lubumbashi" haina mtu ndani yake, haina swali, wala haina sababu ya kutoka mwezi huu badala ya mwaka ujao. Bukari (ugali), sombe (kisamvu), michopo (nyama ya kuchoma): mhariri anaona orodha, na orodha anaweza kuletewa na yeyote aliyelala hapa usiku mmoja. Wewe umekulia humu. Muuzie kile ambacho mpita njia hawezi kukijua.

Chukua kikanda. Pale soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kinauzwa kwa vipande, wanafunzi wanakila wakitoka shule, na mgeni akikiona anadhani ni nyama iliyosagwa. Nyama haimo kabisa. Ni viazi vya okidi, mmea wa maua wa porini, vilivyokaushwa vikatwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, vikapikwa mpaka vishikane, na makaa yakawekwa hata juu ya kifuniko ili uso wake uive. Ukiishia hapo bado una mada. Sasa muulize mama muuzaji viazi vimetoka wapi, halafu mfuate anayemletea mzigo. Mmea uking'olewa kiazi chake umekwisha, na mahitaji yamekua hata wachimbaji wakafika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, upande wa Kitulo, ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya kulinda maua hayo. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo biashara ya kuvusha viazi hivyo mpakani inahitaji kibali. Una mwanafunzi mwenye njaa, mama anayesomesha watoto kwa biashara hiyo, na ua linalopungua porini. Hapo makala imepatikana.

Pendekezo lenyewe liwe fupi, maana mhariri analisoma kwenye simu akiwa na mengine mengi ya kufanya. Mimi ningeandika hivi: "Nataka kufuata kiazi cha okidi kutoka mkononi mwa mwanafunzi wa Lubumbashi hadi kwenye udongo kilikochimbwa. Nitazungumza na muuzaji, na mchuuzi anayemletea mzigo, na mtaalamu wa mimea. Maneno 1,200 na picha zangu mwenyewe, tayari baada ya wiki tatu." Chini yake weka sentensi mbili za kujitambulisha na makala mbili bora ulizokwisha kuandika. Mtumie mhariri mmoja kwanza, kwa jina lake, ukiwa umesoma anachochapisha. Zikipita wiki mbili mkumbushe mara moja, kisha peleka kwingine bila kinyongo.

Kuhusu vinywaji, wenzako wana nusu ya ukweli. Mvinyo umepangiwa lugha ya kuonja kwa uangalifu mkubwa, na lugha hiyo inafaa kujifunza. Taasisi ya mafunzo ya mvinyo ya WSET ya London, iliyoanzishwa mwaka 1969, inaifundisha kwa ngazi. Unaanza na rangi, unakwenda kwenye harufu, kisha mdomoni: utamu, uchachu, ukakasi, kilevi, uzito, na muda ladha inaokaa baada ya kumeza. Lakini utaratibu huo hauhitaji zabibu. Uanzie kwenye munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi.

Keti na mama anayeupika, usije wakati umekwisha kuwa tayari ndani ya kidumu. Uji wa mahindi ukishapungua moto anatia mizizi iliyopondwa na kukoroga. Tazama mwiko. Uji uliokuwa mzito unaanza kulegea, na baada ya muda unachuruzika kama maji, kwa sababu mizizi ile ina vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Kwenye kiwanda cha bia kazi hiyo hufanywa na kimea. Omba kikombe hapo hapo, uandike: utamu wa nafaka, harufu ya mizizi, uchungu mdogo nyuma ya ulimi. Omba kingine kesho yake. Utamu umerudi nyuma, uchachu umekuja mbele. Ukiachwa zaidi, kilevi kinaongezeka. Andika saa, andika mizizi ilikaa muda gani, andika kama chombo ni cha plastiki au kibuyu. Mwandishi anayeweza kumweleza msomaji wa Mombasa ladha ya munkoyo, bila kusema tu kwamba ni "tamu sana", ameshaijua kazi. Neno "tamu" peke yake lifute kila unapolikuta kwenye rasimu yako.

Mvinyo usiuache, ila uuandike kutoka hapa ulipo. Chupa nyingi za Afrika Kusini zilizoko madukani kwetu zimesafiri kwa lori kupitia Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. Chupa iliyoshinda juani siku kadhaa ladha yake ya tunda hupoa na kuwa kama ya tunda lililochemshwa. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtengenezaji, uliza chupa ilihifadhiwaje njiani na dukani. Na kumbuka Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na wakulima utaongea nao Kiswahili bila mkalimani. Mwandishi wa Ulaya hana bahati hiyo, na ningependa sana kuona mtu wa upande wetu anaitumia.

Hoteli: usikubali kwa sharti hilo. Wanataka kununua sifa kwa sahani ya wali, na msomaji atakayelipa pesa yake kwa kukuamini ndiye atakayeumia. Craig Claiborne, aliyeshika ukurasa wa chakula wa New York Times mwaka 1957, alijenga desturi ambayo bado inaheshimiwa: gazeti ndilo linalipa, na mkosoaji anarudi zaidi ya mara moja kabla ya kutoa hukumu. Wewe huna gazeti la kukulipia, najua. Basi nenda mahali unapopamudu, ule kwa pesa yako, mchana mmoja na jioni nyingine, sahani tofauti. Safari ya kualikwa ni jambo jingine kidogo: mwambie mhariri mapema nani amelipa, na uiseme ndani ya makala. Wapo wahariri wasioipokea kabisa. Hoteli ikitaka uiandikie menyu au tangazo, hiyo ni kazi halali. Idai malipo, iitwe tangazo, kisha usiikosoe hoteli hiyo tena.

Malipo yazungumze kabla hujaanza kuandika, na kwa maandishi. Magazeti ya Kifaransa huhesabu kwa feuillet, yaani herufi 1,500 pamoja na nafasi. Ya Kiingereza huhesabu kwa neno au kwa makala nzima. Uliza wanalipa wakati wa kuipokea makala au wakati wa kuichapisha, maana kati ya hayo mawili inaweza kupita miezi. Uliza fidia ikiwa watakuagiza kisha wasiichapishe. Mara nyingi huwa robo ya malipo. Uliza nani anabeba nauli. Toa haki ya kuchapisha mara ya kwanza, lakini haki zote usizitoe kwa bei ile ile, ili makala ya Kifaransa uje uiandike upya kwa Kiswahili na kuiuza Dar es Salaam au Nairobi. Na uliza pesa itakufikiaje: makato ya benki kwenye malipo madogo kutoka nje yanaweza kula sehemu kubwa, kwa hiyo ni nafuu kuomba makala mbili zilipwe pamoja.

Ualimu usiuache sasa. Waandishi wengi wa kujitegemea, hata wa nchi tajiri, wanategemea pia tafsiri, uhariri au kufundisha, na hakuna aibu ndani yake. Tumia likizo kubwa ya Julai na Agosti. Ni kiangazi, barabara ya kwenda hifadhi ya Kundelungu inapitika vizuri kuliko wakati wa mvua, ingawa maporomoko ya Lofoi, yenye urefu wa zaidi ya mita 300, maji yake yanakuwa yamepungua. Beba ordre de mission (barua rasmi ya safari ya kazi) yenye muhuri, omba ruhusa ya ICCN, taasisi inayosimamia hifadhi za Kongo, kabla ya kuingia hifadhini, na kamera iache mfukoni karibu na migodi, mpakani na penye askari.

Kikanda kikishatoka, ningekushauri uyoga wa vichuguu, ule ambao kofia yake inaweza kukaribia mita moja, unaouzwa kandokando ya barabara mvua zikishakolea. Mvua zinaanza Novemba, na majarida hupanga kurasa zake miezi kadhaa mbele. Pendekezo hilo litume mwezi wa Agosti.