Waya za ndege yangu hulegea mvua zikianza

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni seremala hapa Ujiji, na ugonjwa wangu ni ndege za vita za zamani. Nimechonga mfano wa ile ndege ya maji ya Wabelgiji, Short 827, iliyorusha mabomu Kigoma mwaka 1916. Mabawa ni ya mbao, waya nimefunga kwa nailoni ya mshipi. Kiangazi chote zilikaza kama nyuzi za gitaa. Mvua zilipoanza zikalegea, na bawa la juu la kushoto likapinda. Nimekosea wapi? Pia nataka kuchonga meli ya Liemba niiweke pembeni. Hii ndege niliipima kwa kukisia tu, sasa nataka kuanza upya. Nitumie skeli ya 1:72 au 1:48?

JIBU: Marahaba. Mkosaji ni nailoni. Nailoni hunywa unyevu wa hewa, na ikinywa hurefuka. Ulifunga wakati hewa ya Kigoma ni kavu, ukakaza, ukaridhika. Novemba ilipofika kila uzi uliongezeka kidogo, na kwa uzi mfupi kama wako kidogo hicho kinatosha kuonekana.

Hata ndege kamili zina tabia hii, ila kwao kisababishi ni joto. Kwenye ndege ndogo nilizozifanyia matengenezo hapa Tabora, kiwiliwili ni aluminiamu lakini kebo za kuongozea usukani na mkia ni za chuma. Aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko chuma. Kwa hiyo mchana wa jua kali kebo hukaza zaidi, na asubuhi ya baridi hulegea, ingawa hakuna aliyezigusa. Ndiyo maana tukipima mkazo wa kebo tunaangalia kwanza nyuzi joto, kisha tunasoma jedwali. Mwanafunzi anayepima bila kuangalia joto namrudisha aanze upya.

Dawa yako ni kuacha kutegemea mkazo. Tafuta hedifoni mbovu, uchune waya wake, utoe unyuzi mmoja wa shaba ulio mwembamba kama unywele. Ulaze juu ya kioo, uuviringishe chini ya rula ya chuma mpaka unyooke kabisa. Pima nafasi kwa bikari, kata, uweke kwa kibano na tone dogo la supagluu kila mwisho. Hauvuti chochote, umekaa tu pale, na macho hayatajua. Wa kwanza utakuchosha, lakini ukifika wa kumi mkono utakuwa umezoea.

Kabla hujakata, elewa kila waya una kazi gani, maana hapa ndipo wengi huchora utando wa buibui. Mabawa ya ghorofa mbili ni kama daraja. Waya unaoanzia chini karibu na kiwiliwili ukapanda kuelekea nje hadi bawa la juu ndio unaobeba ndege ikiwa hewani: bawa linataka kukunjika juu, waya unalizuia. Ule unaoanzia juu katikati ukashuka nje hadi bawa la chini hushika uzito wa mabawa ndege ikiwa imetulia. Kwa kuwa wa kwanza hubeba mzigo mkubwa zaidi, kwenye ndege nyingi za enzi zile ulifungwa maradufu. Weka nyuzi mbili sambamba pale, na anayezijua ndege ataona kwamba na wewe unazijua.

Bawa lililopinda ni jambo lako la useremala, nami naona aibu kukufundisha. Nabahatisha kwamba ulipaka rangi vizuri upande wa juu, na chini ukapitisha mara moja tu. Upande usiozibwa ulikunywa maji, ukavimba. Ziba pande zote mbili sawasawa, na nguzo za kati ya mabawa utengeneze kwa mwanzi badala ya mbao. Ukichongwa mwembamba mwanzi haukatiki ovyo.

Kuhusu skeli, Liemba ndiyo itakayoamua. Meli hiyo, iliyokuwa Graf von Götzen ya Wajerumani, ina urefu wa takriban mita 71. Kwa 1:72 utapata meli ya karibu mita moja. Kwa 1:48 ni mita moja na nusu, na mama watoto atakuuliza italala wapi. Ndege yenyewe ilikuwa na upana wa mabawa mita 16.43 na urefu mita 10.74. Kwa 1:72 hizo ni milimita 228 na 149. Kama ungechonga ndege peke yake ningekwambia 1:48, yaani 342 kwa 224, kwa sababu mkono una nafasi. Ukitaka viwili pamoja, chukua 1:72.

Ila usiichonge meli ikiungua kwa mabomu ya ndege hii. Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916, na baadaye ikaibuliwa.

Rangi nayo ina mtego. Turubai ya ndege nyingi za maji zilizotengenezwa Uingereza, kama hii, wakati ule haikupakwa rangi. Ilipakwa dawa ya kuikaza tu, ikabaki ya maziwa yenye unjano kidogo, karibu na unga wa muhogo. Na ukitazama picha za miaka ile kutafuta rangi za alama, kumbuka filamu nyingi hazikuona nyekundu: ilitoka nyeusi, njano ikatoka nyeusinyeusi, buluu ikapauka. Bendera ya Ubelgiji ni nyeusi, njano na nyekundu. Kwenye filamu ya namna hiyo rangi zote tatu zinaweza kuonekana kama giza moja.

Halafu hesabu maboya. Makubwa mawili yako chini ya kiwiliwili, moja dogo chini ya mkia, na madogo mengine kwenye ncha za mabawa ya chini. Haya ya mwisho ndiyo husahaulika.