Kiti cha Washington Hatukikalii Peke Yetu: Maneno kwa Waliojiunga Nasi Mwaka Huu

Rasimu za barua zilizoletwa mezani pangu wiki hii zimeelekezwa kwa "Mkurugenzi wa Kenya, Benki ya Dunia, Washington". Cheo hicho hakipo. Kila mwaka vijana wanaokuja kujifunza kazi katika ofisi yetu hapa Mombasa, inayowasemea watu walioguswa na miradi ya benki za maendeleo, humwandikia mtu huyo, na kila mwaka mimi hukata kwa wino mwekundu nikanyamaza. Safari hii nimechoka kunyamaza. Wanangu, najua mnajua kusoma waraka wa mradi, mpango wa uhamishaji wa watu na ripoti za usimamizi, kwa hiyo hayo sitayarudia. Ninachotaka mjue kabla hamjashika kalamu ni nani anayekaa kitini, kwa niaba ya nani, na kwa muda gani.

1. Kuhusu magavana. Kila nchi mwanachama wa benki hizi, kubwa kwa ndogo, ina gavana mmoja na mbadala wake. Wa Kenya ni Waziri wa Hazina ya Taifa, wala si gavana wa kaunti, ambaye jina lake nimelikuta katika barua mojawapo. Magavana hukutana katika mkutano wa mwaka, na mambo ambayo hawaruhusiwi kuwaachia wengine ni machache lakini mazito, kama vile kupokea mwanachama mpya na kuongeza mtaji. Mliokuwa Nairobi mwezi Mei 2024 mtakumbuka kwamba magavana wa Benki ya Maendeleo ya Afrika waliridhia nyongeza ya dola bilioni 117 katika mtaji wa ahadi, yaani ule ambao nchi hazitoi fedha taslimu bali huahidi kuutoa benki ikizidiwa. Watu wa kazi ya namna hiyo msiwaandikie habari za kalvati lililoziba.

2. Kuhusu wakurugenzi watendaji. Hawa ndio wanaokaa makao makuu na, kama bodi, kuidhinisha mikopo. Benki ya Dunia ilianza na wakurugenzi 12 mwaka 1946, na sasa inao 25. Marekani, Japani, China, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza kila moja ina wake. Sisi tumo katika kundi la nchi 22 za Afrika, pamoja na Tanzania, Uganda, Ethiopia, Malawi, Gambia na nyinginezo, na kundi zima lina mkurugenzi mmoja anayechaguliwa kwa miaka miwili, nafasi ikizunguka baina ya nchi. Kiti cha 25, kilichoongezwa mwezi Novemba 2010, kiliipa Afrika Kusini mwa Sahara mkurugenzi wa tatu, na Nigeria, Afrika Kusini na Angola zikawa na kundi lao. Kwa hiyo Mkenya aweza kukaa kitini awamu moja, kisha zikapita awamu nyingi akikaa mtu wa kwingine.

Hapa ndipo nilipoanguka mimi, na naeleza kwa urefu kwa sababu naona mnaelekea shimo lile lile. Nilikuwa mgeni katika kazi hii nilipotumwa kijiji kimoja cha bara ya Kwale, kuzungumza na watu waliokuwa wakidai fidia ya mashamba yaliyopitiwa na mradi wa maji. Nilichora ubaoni ngazi zote za benki, nikawaambia kwa sauti ya mjuzi kwamba Kenya ina mkurugenzi wake Washington, kwamba tumekwisha kumwandikia, na kwamba yeye akisema hapana, mkopo utasimama. Nikapigiwa makofi. Mama mmoja akaniombea dua. Kisha mzee aliyekaa nyuma akauliza, "Mwanangu, huyo mkurugenzi ni mtu wa wapi?" Nikamjibu kwamba ni Mkenya, bila kuwa nimeangalia popote. Mwalimu wa shule ya msingi akatoa simu, akatafuta, akasoma kwa sauti jina la mkurugenzi na nchi yake, na nchi hiyo haikuwa Kenya.

Mzee hakunicheka, ingawa wengine walicheka vya kutosha. Aliuliza swali la pili, ambalo lilikuwa zito kuliko la kwanza: "Basi akitusemea sisi, hao wenzake wengine watakubali?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nimesoma kwamba kura zote za kundi hupigwa kama fungu moja, na kwamba mkurugenzi hana ruhusa ya kupeleka kura za Kenya upande huu na za Malawi upande ule. Akibanwa, aweza kujizuia kupiga kura au kuomba maoni yanayotofautiana yaandikwe katika kumbukumbu. Wala sikuwa nimefikiri jambo lililo wazi kabisa, kwamba mkopo ule uliombwa na serikali yetu wenyewe, na kwamba ofisi inayoiwakilisha serikali hiyo haiwezi kutarajiwa kuuzuia. Uchungu wenyewe haukuwa aibu ya siku ile. Baadhi ya familia zilikuwa zimeacha kupeleka madai kwenye ofisi ya mradi zikiisubiri Washington niliyowaahidi, na muda wa kuwasilisha madai ukapita. Nilirudi kuomba radhi. Yule mzee alinikaribisha chai, nikainywa, lakini tarehe iliyopita haikurudishwa na chai.

3. Kuhusu uzito wa kura. Katika benki hizi kura hufuata hisa, pamoja na kura za msingi ambazo kila mwanachama hupewa ili asisahaulike kabisa. Marekani peke yake ina takribani asilimia 16 ya kura za Benki ya Dunia, na kwa kuwa kuubadilisha mkataba wa benki kunahitaji asilimia 85, hakuna badiliko linalopita ikikataa. Kura za kundi letu la nchi 22, zikijumlishwa zote, hazifikii hata nusu ya kura za Marekani. Hata hivyo msidhani kwamba kila mkopo huhesabiwa kura. Kwa kawaida wakurugenzi huafikiana, na ubishi wenyewe huwa umekwisha kabla ya kikao. Andikeni mapema. Sheria ya Marekani ya mwaka 1989 inamzuia mkurugenzi wake kuunga mkono mradi wenye athari kubwa kwa mazingira ikiwa tathmini yake haikupatikana siku 120 kabla ya kura, kwa hiyo nakala ya barua yenu kwa ofisi hiyo si utovu wa uzalendo.

4. Kuhusu Abidjan, yaliko makao makuu ya Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tafadhali msichukue barua ya Washington mkabadilisha anwani tu. Benki hiyo ina wakurugenzi 20, kati yao 13 wa nchi za Afrika na 7 wa nchi za nje ya Afrika, ambazo hazikupokewa hadi mwaka 1982. Waafrika wanashika takribani asilimia 60 ya kura, na rais wa benki hapiti bila wingi wa kura zote na wingi wa kura za Waafrika pia, kama alivyopita Sidi Ould Tah wa Mauritania mwezi Mei 2025. Bodi hiyo ndiyo iliyoidhinisha, Desemba 2019, yuro milioni 345 za barabara ya Bagamoyo hadi Malindi kupitia Lungalunga, na huko pia Kenya hukaa kiti kimoja na majirani. Barabara ya nchi mbili ina mashamba ya nchi mbili, kwa hiyo wasilianeni na wenzetu wa Tanga kabla ya kuandika.

5. Barua iwe ya ukurasa mmoja, kwa sababu washauri wa ofisi ya mkurugenzi wa kundi letu kule Washington ni wachache na nchi ni 22. Hazina ya Taifa ipate nakala daima.

6. Kuhusu Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, chombo kinachopokea malalamiko ya walioathiriwa na miradi yake, lililoundwa mwaka 1993. Watu wawili au zaidi walioathiriwa na mradi wanaweza kuliandikia wenyewe, bila kupitia serikali wala sisi. Jopo likipendekeza uchunguzi, bodi ndiyo inayouidhinisha, na hapo barua kwa wakurugenzi huwa na kazi ya kufanya. Waandikieni wote 25, kila mmoja kwa jina lake na jina la kundi lake, na mhakikishe barua imefika kabla pendekezo halijapelekwa mbele yao.