Spika za Vyumba Viwili kwa Risiva Moja: Ushauri kwa Fundi Anayeanza

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii niliunguza risiva, yaani kifaa chenye redio na amplifaya ya kukuza sauti ya spika, ya mteja mmoja wa mtaa wa Buruburu, Nairobi, katika zile nyumba zenye sebule chini na vyumba vya kulala juu. Mama mwenye nyumba alitaka taarifa ya habari ya asubuhi na nyimbo za Jumapili zisikike sebuleni na jikoni kwa pamoja. Nilivuta nyaya za spika za jikoni hadi nyuma ya risiva, nikazibana kwenye terminali (vibanio vya nyaya) zilezile za spika za sebuleni, chanya juu ya chanya na hasi juu ya hasi. Sauti ilitoka safi katika vyumba vyote viwili, nikalipwa, nikaondoka. Jioni ileile alinipigia simu kunieleza kwamba risiva imezima na ina harufu ya kuungua. Nilipoifungua nilikuta transista mbili za upande wa kulia zimepiga shoti, na ubao uliokuwa chini yake umegeuka rangi ya kahawia. Niliitengeneza kwa gharama yangu, na sitaki wewe unayeingia sasa katika kazi hii ujifunze kwa njia hiyo.

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Kila spika ina ukinzani wake, unaopimwa kwa omu na kuandikwa nyuma yake kwa alama ya Ω. Spika mbili zinazolingana zikiunganishwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kama nilivyofanya, ukinzani wa jumla unakuwa nusu ya ule wa spika moja. Zile za mama yule zilikuwa za omu 6 kila moja, kwa hiyo risiva yake iliona omu 3, ilhali maandishi yaliyokuwa nyuma yake yalisema isipewe chini ya omu 6. Spika zisizolingana hupigiwa hesabu kwa kuzidisha omu zake na kugawanya kwa jumla yake: ya omu 8 ikiwa pamoja na ya omu 4 unapata 32 gawanya kwa 12, yaani takriban omu 2.7, kiasi ambacho risiva nyingi za nyumbani hazikuundwa kukihimili. Volteji ikiwa 20, spika ya omu 8 huvuta ampia 2.5, omu 4 huvuta ampia 5, na omu 3 hukaribia ampia 7. Mkondo huo wote hupita katika transista za mwisho, na ndizo zinazobeba joto. Ndiyo maana mteja husifu sauti mwanzoni na kulalamika baadaye, kwa sababu joto huchukua muda kujikusanya.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa waya wowote, geuza risiva usome mgongo wake kwa tochi. Risiva yenye terminali za A na B, yaani za seti mbili za spika, mara nyingi huwa imeandikwa kwamba A peke yake au B peke yake ipewe spika za omu 4 hadi 16, lakini A na B zikifanya kazi pamoja kila spika iwe ya omu 8 hadi 16. Wanaoanza huisoma sentensi ya kwanza na kuiacha ya pili, nayo ya pili ndiyo inayohusu kazi yako. Ziko pia risiva ambazo swichi yake ya A+B huunganisha seti mbili kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, hivyo spika mbili za omu 8 zinakuwa omu 16. Hizo haziungui kwa sababu hiyo, ila sauti hupungua nguvu. Kuzitambua ni rahisi: ondoa spika za B, kisha bonyeza A+B, sebule ikinyamaza, ujue ni mfululizo.

Usiamini kibandiko cha spika pekee, hasa zile za mitumba ambazo huenda zimebadilishwa koili. Zipime kwa multimita zikiwa zimetolewa katika risiva. Spika ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 6 na 7, na ya omu 4 husoma 3 na ushei. Ukisoma 3 katika spika iliyoandikwa 8, umeokoa risiva ya watu.

Ikiwa hesabu inakubali, tumia A+B na kazi imekwisha. Ikiwa haikubali, unazo njia nyingine. Selekta ya spika, yaani swichi ya kuchagua seti za spika, yenye kinga ndani yake ya kuzuia omu zisishuke mno, husaidia, ila hakikisha ina kinga kweli, kwani ziko zinazogawanya nyaya tu na kukurudisha kwenye kosa langu la Buruburu. Kuna kidhibiti sauti cha ukutani chenye transfoma, ambacho humwezesha aliye chumbani kupunguza sauti bila kumsumbua aliye sebuleni. Zipo pia risiva zenye zoni ya pili, zinazotoa chumba cha pili amplifaya yake ndani ya kasha lilelile. Hapa mweleze mteja mapema kwamba katika nyingi za miaka iliyopita zoni hiyo hupokea sauti ya analogi tu, siyo ya kidijitali, hivyo televisheni iliyounganishwa kwa HDMI, waya wa kidijitali wa picha na sauti, haitasikika chumbani hata ukibadilisha nyaya mchana kutwa. Mimi, spika zikiwa za omu 4, humshauri mteja anunue amplifaya ndogo ya pili na kuilisha sauti kutoka kwenye tundu la kurekodia la risiva, lile linalotoa sauti kwenda kwenye kinasa. Gharama huongezeka, lakini kila chumba kinakuwa na kidhibiti chake na hakuna chombo kinachobebeshwa mzigo usio wake.

Sasa nyaya. Kuta za mawe za nyumba nyingi za Nairobi humfanya fundi azungushe waya kwenye dari au pembezoni mwa ukuta, na mita 8 za mstari ulionyooka zinakuwa 15. Pima njia yenyewe kwa kamba. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una ukinzani wa takriban omu 12 kwa kilomita, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, mita 15 huhesabiwa kuwa 30, yaani karibu omu 0.36. Kwa spika ya omu 8 hiyo inakubalika; kwa ya omu 4, au njia ikiwa ndefu zaidi, chukua wa milimita 2.5 za mraba. Unaponunua, kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, au kwingineko, omba kipande kidogo ukikwangue kwa kisu. Kikionyesha weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na ukinzani wake ni zaidi ya wa shaba tupu kwa kama nusu nzima.

Risiva za mitumba zichunguzwe pia volteji: ya soko la Japani hutaka volti 100 na ya Marekani 120, nasi tunatumia 240.

Unapofunga, menya waya sentimita moja tu na usokote nyuzi zake mpaka zisibaki hata moja iliyochomoza, kwa kuwa uzi mmoja ukigusa terminali ya jirani ni shoti. Usiunganishe hasi ya kushoto na hasi ya kulia ili kuokoa waya. Baadhi ya amplifaya huharibika papo hapo. Kama rangi za nyaya zimekupotea ndani ya dari, gusisha ncha za upande wa risiva, zikiwa zimefunguliwa, kwenye betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, na mwenzako aangalie spika: ngozi yake ikisukumwa nje, ncha iliyo kwenye chanya ya betri ndiyo chanya.

Kisha washa seti zote mbili kwa sauti ambayo mwenye nyumba huitumia, siyo ile unayoipenda wewe, na ukae nusu saa. Weka kiganja juu ya mfuniko wa risiva. Ukiweza kukiacha hapo bila kukiondoa kwa joto, kusanya vifaa vyako. Ukishindwa, zima, na uanze tena kwenye omu.