Kuufufua mzabibu uliozeeka uani

Ndugu, umeeleza kwamba mzabibu uliourithi uani kwako Dodoma umelalia paa la banda na huzaa vichala vichache tu, nawe unauliza kama uung'oe. Usiung'oe. Zabibu huchanua kwenye machipukizi mapya yanayotoka katika matawi yaliyokomaa msimu uliopita, wala si kwenye matawi ya zamani zaidi. Kwa hiyo mti usiopogolewa hujaza majani na kivuli, huku sehemu inayozaa ikizidi kusogea mbali na shina.

Subiri mvua zikatike, kwa sababu unyevunyevu hueneza ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu, kwa urahisi. Ondoa kwanza matawi makavu kwa msumeno, kisha tafuta chipukizi imara lililotokea chini ya shina, ulifunge kwenye nguzo na kulielekeza wima mpaka lifike kwenye waya wa kichanja: hilo ndilo shina lako la kesho. Matawi mengine yafupishe, ukiacha macho mawili, yaani vifundo vinavyotoa machipukizi, kwa kila moja. Utaona umekata mno, na jirani atakucheka. Shina kuukuu liondoe baada ya jipya kukomaa, pengine misimu miwili baadaye.