Pita Kibuye, ununue ukirudi

Mama, binti yangu,

Salamu kutoka nyumbani. Mamako hajambo, na mahindi ya shamba la chini yameanza kutoa mbelewele. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema Jumamosi yako yote inaishia mjini Kisumu: unatoka Mamboleo saa mbili asubuhi, unarudi jua likizama, mtoto amelia hadi akasinzia, na bado kuna mambo mawili matatu hayajafanyika. Ukaniuliza, "Baba, wewe ulikuwa unazungusha barua za ofisi nzima kwa baiskeli na saa kumi umefika nyumbani. Ulifanyaje?"

Swali hilo limenifurahisha, kwa sababu miaka 22 ya utarishi hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kila asubuhi, kabla sijapanda baiskeli, nilimwaga barua zote mezani nikazipanga kwa barabara. Za Milimani rundo moja, za Oginga Odinga Street rundo lingine, za upande wa bandarini peke yake, kila rundo na mpira wake. Sikupanga kwa ukubwa wa aliyeandika wala kwa kelele za aliyenituma. Nilianza mbali, nikawa narudi kidogo kidogo kuelekea nilikotoka.

Sasa angalia ile karatasi yako uliyonipigia picha. Umeandika mambo jinsi yalivyokujia: mboga soko la Kibuye, benki, viatu vya mtoto kwa fundi, kusaga mahindi, dawa, samaki, cheti cha kuzaliwa, tokeni za stima. Matatu yako ikitoka Mamboleo inapita Kondele, inapita ile hospitali tunayoiita Russia, inafika Kibuye, ndipo iingie mjini. Wewe unashuka Kibuye kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwenye karatasi. Kisha unazipakata nyanya kwenye laini ya benki, unazunguka nazo kutafuta dawa, na kwa sababu mkono umejaa, hata pale pa kutembea dakika tano unaita boda. Nyanya zenyewe zinafika nyumbani zimepasuka.

Mwaka niliomwoa mamako nilinunua samaki wawili aina ya ngege asubuhi, wabichi kabisa, nikawafunga kwenye keria na kuendelea na kazi. Joto la Kisumu unalijua. Saa kumi mamako alifungua lile gazeti nililowafungia, akalifunga tena, akatoka kwenda kuchuma mboga bila kusema neno. Hela ya samaki wale ilikuwa ya siku mbili. Tangu hapo kitu cha kuoza na kitu kizito nilinunua mwisho, nikiwa nimegeuza uso kuelekea nyumbani.

Lakini kuna jambo lililoniokolea saa nyingi kuliko hilo. Kazi ambayo mtu mwingine ataifanya bila wewe kuwepo, iache mikononi mwake mapema, ukiwa unaenda. Gorogoro zako tatu za mahindi ziweke kwa kisiagi hapo Mamboleo ukitoka, gunia liwe na alama yako. Viatu vya mtoto mwachie fundi wa Kondele, mwambie kabisa utapita saa sita. Wakati wewe uko mjini, sindano yake inashona na kisiagi kinasaga. Ukienda kwa fundi mwisho, unakaa kwenye kile kibao chake ukimtazama akipaka gundi, na siku inaondoka hivyo.

Kutoka Kondele nenda moja kwa moja mjini, uanzie benki maana Jumamosi hufunga mapema. Ikiwezekana epuka ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia. Dawa, halafu panda matatu ya kurudi. Shuka Kibuye, mboga na samaki, kisha viatu Kondele, kisha unga. Na ujitahidi umalize kabla ya alasiri, hasa miezi hii ya masika ambapo mvua hupenda kutushika mchana ukishapinda.

Tokeni za stima zitoe kwenye safari. Nunua kwa M-Pesa Ijumaa usiku ukiwa umeketi. Sisi kabla ya 2007 hatukuwa nayo, na bili ya stima ya ofisi niliipigia laini kila mwezi.

Cheti cha mtoto nacho si cha Jumamosi. Omba ruhusa asubuhi moja katikati ya wiki, ufike Huduma Centre, ile ofisi ya huduma za serikali, kabla hawajafungua. Usiku wa kuamkia siku hiyo tia kila karatasi kwenye bahasha moja, zile halisi pamoja na nakala mbili mbili. Kuna ofisi moja nilisimama saa tatu nzima, nikafika dirishani, nikaulizwa nakala. Nilitoka kwenda kutoa, niliporudi nafasi yangu haikuwepo, nikaanza nyuma kabisa. Siku ile nilirudi kazini nikiwa na barua saba hazijafika, na iliniuma sana.

Mwanangu, sitaki mjukuu wangu awe analala akikungojea. Andika karatasi upya leo, kwa barabara. Viatu viweke mlangoni Ijumaa usiku, mahindi kando yake. Jumamosi saa nane nitapiga simu, nataka niisikie sauti yake kabla hajasinzia.

Ni mimi babako.