Uchungu wa Bia ya Denver

SWALI: Mwaka jana nilipelekwa na ofisi mjini Denver, Colorado, kwa mafunzo ya wiki 2. Jioni moja niliingia katika kiwanda kidogo cha bia chenye baa humo humo, mitungi ya chuma ikionekana nyuma ya kaunta, nikaagiza bia iitwayo IPA (India Pale Ale) ambayo wenzangu waliisifu sana. Ililetwa ikiwa na rangi ya asali na harufu ya maganda ya balungi, lakini funda la kwanza lilikuwa chungu kama dawa, na nusu ya glasi niliiacha mezani. Natarajia kurudi huko. Je, niliuziwa bia iliyoharibika, au ni mimi nisiyejua kuinywa?
Msomaji, Moshi

JIBU: Bia ile ilikuwa nzima, na uchungu uliokukera ndio hasa ambao mpishi wake alikuwa akiutafuta. Unatokana na hopi, yaani maua ya kijani ya mmea utambaao, ambayo nchini Marekani kwa sehemu kubwa hulimwa katika bonde la Yakima, jimbo la Washington. Hopi zikichemshwa muda mrefu pamoja na maji ya kimea cha shayiri hutoa uchungu. Zikitiwa mwishoni, au baada ya bia kuchachuka, huacha harufu zaidi kuliko uchungu, na ndiyo maana ulisikia balungi ilhali hakuna tunda lililotiwa humo. Nawe uliyetoka Moshi hukupaswa kushtuka sana, kwani mbege nayo hutiwa gome la msesewe, na hakuna anayelalamika kwamba imeharibika.

Ili kuelewa kwa nini Wamarekani waliupenda uchungu huo, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Kuanzia 1920 hadi 1933 pombe ilipigwa marufuku nchini mwao, na baada ya hapo soko likashikwa na viwanda vikubwa vilivyotengeneza bia nyepesi za kufanana, hata ikafika mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi nzima ilikuwa na viwanda visivyozidi 100. Mwaka 1976 Jack McAuliffe alifungua kiwanda kidogo cha New Albion huko Sonoma, California, akitumia vyombo vikuukuu vilivyokuwa vya maziwa. Kiwanda hakikudumu hata miaka 10, lakini walioiga walikuwa wengi. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyomruhusu mtu mzima kupika bia nyumbani, hadi galoni 100 kwa mwaka, yaani lita 378 hivi, bila kulipa kodi, mradi asiiuze. Kutoka majikoni humo ndimo walimotoka wapishi wengi waliofungua viwanda baadaye. Mmoja wao, Ken Grossman, alianza kupika Sierra Nevada Pale Ale mjini Chico mwaka 1980, akitumia hopi ya Cascade, aina iliyozalishwa Oregon na kutolewa kwa wakulima mwaka 1972. Harufu ya balungi uliyoisikia Denver ina undugu na Cascade. Leo viwanda vimezidi 9,000, na kila mji una vyake.

Kosa lako, ukiniruhusu kuliita hivyo, ni kuanza na iliyo chungu sana na kuinywa kama unavyokunywa bia ya nyumbani. Utakaporudi, usiagize glasi kubwa. Omba vionjo, nao watakuletea ubao wenye glasi ndogo 4 au 6, kila moja ikiwa na mililita 120 hivi. Anza na iliyo nyepesi, kwa mfano bia ya ngano, kisha nenda kwenye IPA, na stauti nyeusi yenye ladha ya kahawa iliyokaangwa iwe ya mwisho. Usishangae pia kwamba haiji ikiwa baridi kama barafu. Kwetu mhudumu huuliza, "Ya baridi au ya moto?", na wengi hujibu baridi bila kufikiri, lakini baridi kali huiua harufu, na katika bia hizi harufu ni nusu ya thamani uliyolipia.

Zaidi ya yote, soma ubao wa bei, kwa kuwa kiasi cha kilevi huandikwa hapo. Chupa ya Kilimanjaro ya mililita 500 ina asilimia 4.5, ilhali painti ya Kimarekani ya mililita 473 ikiwa na IPA ya asilimia 8 ina kilevi kinachokaribia cha chupa 2 za Kilimanjaro kwa glasi moja. Beba pasipoti pia, maana umri halali ni miaka 21 na wapo wanaomkagua kila mtu. Mimi mwenyewe, mvi zikiwa zimejaa kichwani, nimewahi kuombwa, na sikuona ubaya. Mhudumu huachiwa walau dola 1 kwa kila glasi. Kuhusu zawadi za nyumbani, IPA usiibebe, kwa kuwa harufu yake hufifia katika miezi michache. Stauti kali husafiri vizuri zaidi.

SWALI: Nitajuaje kwamba bia ni ya kiwanda kidogo kweli, wala si ya kampuni kubwa iliyobandika lebo ya kuvutia?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Lebo pekee haitoshi. Bia ya Goose Island ya Chicago, kwa mfano, ilinunuliwa na kampuni kubwa ya bia, Anheuser-Busch, mwaka 2011 na jina likabaki lile lile. Chama cha wapishi wa bia wa Marekani, Brewers Association, huhesabu kiwanda kuwa kidogo kisipozidisha mapipa milioni 6 kwa mwaka (pipa moja ni lita 117, kwa hiyo udogo huo ni wa Kimarekani), na kampuni kubwa ya pombe isiyohesabiwa humo isimiliki robo yake au zaidi. Tangu 2017 viwanda vilivyo huru vinaruhusiwa kuweka nembo ya chama hicho: tafuta kwenye kopo picha ya chupa iliyosimamishwa kichwa chini.