Kitovu cha akiba peke yake hakitoshi

Ndugu, umeuliza kama mtandao wa usafiri unaotegemea kitovu kimoja, yaani kituo kikuu ambako mizigo hukusanywa kisha kusambazwa, utakuwa salama ukiongezewa kitovu cha pili cha akiba. Utaimarika, lakini kwa sharti ambalo wapangaji wengi hulipuuza: vitovu hivyo visiwe na sababu moja inayoweza kuviangusha pamoja. Tarehe 17 Desemba 2017, moto uliozuka chini ya ardhi uliukatia umeme uwanja wa ndege wa Atlanta, Marekani, kwa takriban saa 11, na safari zaidi ya 1,000 zikafutwa, kwa kuwa nyaya za akiba zilipita jirani na zile kuu na zikaathiriwa na moto huohuo. Kwa hiyo mpangie kila mteja kitovu cha kwanza na cha pili tangu hatua ya usanifu, kisha ukokotoe gharama ya siku ambayo kitovu kikuu kimefungwa, badala ya kuishia kwenye wastani wa siku za kawaida. Linalosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni nafasi: kitovu cha pili ambacho hujaa kila siku hakiwezi kupokea mizigo ya mwenzake, hata kama ramani inaonyesha njia.